Siku Do Iliposhushwa Saron

Sauti ya Tudur Havard ilikatika mchana, kwenye mazoezi ndani ya kanisa la Saron, na wanaume hamsini wakajifanya hawakusikia.

Mmoja alikohoa. Mwingine akainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Eirwyn, mwalimu wa kwaya, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai yake, kama vile kioo ndicho kilichokosea, kisha akasema, "Vizuri sana, vizuri. Tuishie hapo, tusije tukamaliza pumzi kabla watu hawajaingia. Jioni kwenye tamasha suruali nyeusi, jamani. Ifor, nyeusi maana yake nyeusi, siyo bluu."

"Hizi taa za Saron zenyewe hazijui bluu ni nini," akajibu Ifor Maziwa, muuza maziwa, tenori mnene asiye na shingo. Kwaya nzima ikacheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Walikuwa wamepata pa kujificha.

Tudur alicheka pia. Ndiye mwimbaji mgeni wa mwaka huo, na jina lake lilikuwa kwenye karatasi zote za matangazo kuanzia duka la dawa hadi kituo cha treni. Alichukua koti lake, akajifunga skafu mpaka masikioni, akatoka kwa mlango wa pembeni kuingia kwenye mvua bila kumtazama mtu.

Luned Prosser alibaki kwenye piano, vidole bado viko juu ya noti za mwisho. Yeye hakucheka. Aliisikia ile sauti ikikatika kabla haijakatika. Mpiga piano aliyemzoea mwimbaji huanza kusikia kwenye pumzi, na pumzi ya Tudur ilikuja imechelewa, inaburuta miguu, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani akitoka zamu ya usiku. Zamani pumzi ile alikuwa anaijua kuliko yake mwenyewe. Zamani waliimba na kupiga pamoja kila Jumapili, wakavishana pete za uchumba, na bonde zima likawa linawahesabia siku.

Watu walipotoka, akabaki mtu mmoja kwenye benchi la nyuma. Alikuwa baba yake, Mzee Idwal, besi wa pili na mwenyekiti wa kwaya, anakusanya pumzi kabla ya kupanda kilima. Vumbi la mgodi lilikuwa bado limekaa kifuani mwake, ingawa mgodi wenyewe ulikwisha kufungwa na juu yake kumeota majani wanakolisha kondoo.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia nini, baba?"

"Usinifanye mtoto. Noti ya juu. Imevunjika kama biskuti."

"Amesafiri. Amechoka."

"Hata mimi nimechoka. Mimi hawaniandiki kwenye matangazo." Mzee akakohoa, akasubiri kifua kitulie. "Jioni itavunjika tena, mbele ya watu."

"Na wewe utafurahi."

"Sitafurahi. Nitakaa kwenye mstari wangu, nitaimba sehemu yangu, basi."

Luned akafunga piano polepole. "Umempeleka hotelini, baba. Mwimbaji mgeni wa Saron hulala nyumbani kwa mwenyekiti. Wote wamelala kwetu. Hata yule mnene aliyevunja kiti. Huyu peke yake umempeleka hotelini, barabara kuu, kama muuza bima."

"Hoteli ina maji ya moto."

"Baba."

"Mama yako," akasema mzee, na sauti ikashuka, "alilala pale chumbani wiki zile za mwisho akiuliza jambo moja. 'Tudur atakuja kuniimbia?' Atakuja, nikamwambia. Nilimdanganya mwanamke anayekufa, Luned. Tukamzika. Na yeye akatuma maua. Maua! Mtu mwenye koo lile anatuma maua!"

Maua yale alikuwa ameyapokea Luned mwenyewe mlangoni, makubwa, meupe, ya gharama. Hakukuwa na chombo nyumbani cha kuyatosha. Aliyaweka kwenye ndoo.

"Ninaweza kumshushia do," akasema Luned. "Hatua moja tu. Hakuna atakayeumia."

Mzee akainua kichwa. "Nini?"

"Do ikishuka, wimbo wote unashuka, na noti ya juu nayo. Angeifikia."

"Wimbo wa Taa haushushwi." Aliutamka polepole, kama anamsomea amri za Mungu. "Mtunza taa wa mgodini aliutunga, akaweka do pale alipoiweka, na pale ndipo tumeiimbia, kwenye harusi, kwenye maziko, siku mgodi unafungwa. Kwaya ya bonde la chini walimshushia mzee wao kwenye mashindano. Mpaka leo wakiingia baa mtu anawauliza, 'Do yenu mmeiacha wapi?'"

"Najua hiyo hadithi."

"Basi jua na hili. Ukimshushia yule do mbele ya Saron nzima, utakuwa umesema kitu. Hakuna mtu kwenye bonde hili asiye na masikio. Watasikia ulichosema kabla wewe mwenyewe hujakisikia."

Akasimama, akashika benchi, akashika jingine, akaenda zake hivyo hivyo mpaka mlangoni.

*

Chumba cha nyuma cha kanisa kilikuwa na baridi ya kudumu. Luned alikuwa anapanga vikombe vya chai kwa ajili ya baada ya tamasha. Sandwichi zilikuwa tayari zimefunikwa, mkate wa zabibu umekatwa na kupakwa siagi. Alikuwa amefundisha shuleni kutwa nzima jana, leo amepiga piano tangu asubuhi, na kati ya hapo amempa baba dawa, amefua, amepiga pasi shati lake jeupe la kwaya. Alipanga vikombe bila kufikiri. Ndiyo kazi aliyoipenda siku zile, kazi isiyotaka kufikiri.

"Bado unavipanga vishikio vinatazama upande mmoja."

Hakugeuka. "Mama alinifundisha hivyo."

Tudur akaingia, maji yakimchuruzika kwenye koti. Nywele zilikuwa nyeupe juu ya masikio. Karibu, bila taa za jukwaani, uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyelala kwenye treni nyingi. Akachukua kijiko mezani, akakitazama, akakirudisha.

"Wamenipa kazi ng'ambo, Cologne," akasema. "Siyo ya mbele. Kwaya ya jumba la opera, safu ya nyuma, kofia na ndevu za bandia."

"Utaichukua?"

"Wanataka jibu Jumatatu. Na chuo cha Cardiff nao wanatafuta mtu wa kufundisha sauti. Saa moja kwa treni kutoka hapa." Akakishika tena kijiko. "Luned, niambie nikae, nitakaa."

Luned akaweka kikombe chini, taratibu, maana mkono ulikuwa unataka kukiweka kwa nguvu.

"Unajua, Tudur, mwaka ule uliniambia 'njoo'. Mama anaumwa, baba hajui hata kuchemsha yai, wewe uko stesheni na begi unaniambia 'njoo'. Nikawa mimi ndiye niliyekataa. Sasa umerudi unaniambia 'sema nikae'. Nikisema, mimi ndiye niliyekufunga huku. Nisiposema, mimi ndiye niliyekufukuza. Kila mara kazi hii ni yangu. Wewe kazi yako ni nini?"

"Kuuliza, naona."

"Nimechoka kuulizwa."

Alitabasamu kidogo, bila furaha. "Hata mimi nimechoka, Lun. Nimechoka mpaka kwenye meno."

Hakuna aliyemwita Lun tena. Waliokuwa wakimwita hivyo walikuwa huyu na mama yake tu. Ikamchoma mahali ambapo alidhani pamekwisha kufa ganzi.

"Kwa nini hukuja kumzika mama?"

Swali lilitoka lenyewe. Tudur akakaa kwenye kiti cha watoto wa shule ya Jumapili, magoti yakamjia kifuani, na mahali pengine wangecheka.

"Nilikuwa na onyesho jioni ile. Aliyepaswa kushika nafasi yangu alikuwa anaumwa. Wakaniambia, ukiondoka usirudi. Nikaimba. Sikumbuki niliimba nini, haki ya Mungu sikumbuki. Namkumbuka mama yako jikoni, ananiambia, 'Kula kwanza, mapenzi hayashibishi.' Hilo ndilo nililokuwa naliona, na watu wanapiga makofi." Akafuta uso kwa skafu. "Nikatuma maua kwa sababu sikujua kutuma kitu kingine. Baba yako ana haki yake."

Luned alitaka kumkasirikia. Alitafuta hasira zake zote, zile alizozitunza vizuri miaka yote, akakuta zimekaa sana mpaka zimechuja, kama pazia la dirishani lililopigwa jua.

"Ile noti ya juu," akaanza.

"Usiniambie habari ya ile noti."

"Nikushushie do. Hatua moja."

"Hapana!" Akasimama, kiti kikaanguka. "Usithubutu. Ukinishushia nitajua umenihurumia, na huruma sikuifuata mbali hivi, hoteli nzima imejaa huruma, mpaka mpishi ananiuliza kama koo linataka asali. Nitaimba pale wimbo unapoimbwa. Ikikatika, ikatike. Nitakuwa nimejibiwa."

"Na nani?"

"Na koo langu. Jumatatu nitapanda treni, na wewe hutakuwa umesema chochote. Si ndivyo unavyotaka?"

Akakiokota kiti, akakisimamisha vizuri na wenzake, akatoka. Luned akabaki na vikombe vyake. Kimoja kilikuwa kinatazama upande usio wake. Akakiacha.

*

Saron ilijaa mpaka roshani. Makoti yaliyolowa yalitoa mvuke, madirisha yakafanya ukungu, na harufu ya sufu, pipi za mnanaa na mafuta ya majiko ya kupasha joto ikawa moja. Kwaya iliimba vizuri. Waliimba vizuri kila mara, hata wakiwa wamechoka, au tuseme hasa wakiwa wamechoka. Mgeni wa heshima alitoa hotuba ndefu kuhusu utoto wake. Bahati nasibu ikachezwa, mke wa Ifor akashinda kapu la matunda kwa mwaka wa tatu mfululizo, na mtu kutoka roshani akapaza sauti, "Na mwaka kesho tumpe tu bila kuzungusha!"

Tudur aliimba nyimbo mbili nyepesi, akashangiliwa. Watu wa bonde walitaka kumpenda. Luned aliyaona hayo kwenye nyuso zao na yakamtia hofu, kwa sababu watu wanaotaka kukupenda ndio wanaokuvunja zaidi ukianguka mbele yao.

Kisha Eirwyn akageuka, akasema mawili matatu, akatangaza Wimbo wa Taa.

Kanisa likanyamaza. Wimbo ule huanza na piano peke yake, mistari minne, ndipo mwimbaji wa peke yake anachukua ubeti wa kwanza na wa pili, kwaya inaingia chini yake, na mwisho inakuja ile noti, ndefu, iko peke yake juu kama taa kwenye mdomo wa mgodi.

Luned akainua mikono.

Aliona mgongo wa Tudur, mabega yamepandishwa, tayari kupigwa. Upande wa kulia, safu ya nyuma, aliona kichwa cheupe cha baba yake, kinatazama mbele. Wote wawili walikuwa wamemkataza. Mmoja amesema ukishusha utakuwa umesema kitu. Mwingine amesema ukishusha utakuwa umenihurumia. Na yeye, aliyepiga wimbo huu kwenye jeneza la mama yake bila kukosea hata noti moja, akajikuta anafikiri, kwa uchovu mkubwa na ulio safi kabisa: basi. Siwezi kukaa hapa nikamsikiliza akianguka. Wasikie wanachosikia.

Vidole vikashuka hatua nzima chini ya pale vilipozoea, vikaanza.

Eirwyn aligeuza kichwa kama amegongwa. Nyusi za Ifor Maziwa zikapanda mpaka mahali ambapo nywele zilikuwepo zamani. Besi wakatazamana. Kwenye mabenchi, wazee waliozaliwa na wimbo ule masikioni wakaacha kufungua pipi, na mwanamke mmoja mstari wa mbele akamgusa jirani yake paja: umesikia? Ndiyo, walikuwa wamesikia. Mistari minne tu, na Saron nzima ilijua moyo wa Luned Prosser ulipokuwa umelala miaka yote ile.

Luned alihisi uso unawaka. Hakuinua macho.

Mabega ya Tudur yalibaki juu kwa mistari miwili. Mstari wa tatu yakatetemeka. Wa nne yakashuka.

Akaimba.

Haikuwa sauti ya kijana aliyeondoka. Ile ilikuwa inang'aa na kukata. Hii ilikuwa imepigwa na mvua, ina mikwaruzo, lakini ilikaa chini na kusema kitu. Aliimba ubeti wa mtunza taa anayehesabu taa zinazorudi jioni, anakuta mahali pamoja pako wazi, na watu wakaacha hata kukohoa. Kwaya ikaingia. Besi wa pili wakateremka mahali ambapo hawajawahi kwenda, chini kabisa, mpaka mabenchi yakanguruma chini ya watu. Noti ya juu ikafika. Tudur akaipanda bila kukimbia, akaishika, akakaa nayo, akaiacha iende kwa hiari yake.

Kimya. Si kimya cha kungoja makofi. Luned akakaa na mikono mapajani, akingoja hukumu.

Saron wana desturi moja isiyoandikwa popote. Wimbo ukiwagusa, hawapigi makofi, wanaurudia ubeti wa mwisho. Haamrishi mwalimu, haombi mtu. Koo moja tu linaanza lenyewe, popote lilipo, na wengine wanalifuata. Haitokei kila mwaka. Mara ya mwisho kwa wimbo huu ilikuwa kwenye maziko ya mama yake Luned.

Koo likaanza. Lilikuwa koo bovu, lina vumbi, linavuta pumzi katikati ya neno. Lilitoka kulia, safu ya nyuma, na lilikuwa kwenye do ile ile ya chini, palepale alipoiweka Luned.

Mzee Idwal aliimba mstari mzima peke yake. Kisha besi wote, kisha tenori, kisha mabenchi, kisha roshani ikasimama kwa kishindo. Luned alitafuta piano kwa vidole kwa sababu macho yalikuwa hayaoni. Wakaurudia. Wakaurudia tena.

*

"Mimi nawaambia ukweli," Ifor Maziwa alikuwa anasema chumba cha nyuma, mdomo umejaa mkate wa zabibu, "tangu niingie tenori, leo ndiyo mara ya kwanza wimbo ule haujaniumiza kichwa. Tungeshusha zamani!"

"Kula, Ifor," akasema Eirwyn. "Suruali yako ni ya bluu."

Luned alikuwa kwenye karai la vyombo, mikono ndani ya maji ya moto, mahali salama. Tudur akaja akasimama kando yake, akachukua kitambaa, akaanza kukausha kikombe.

"Nilikuambia usinishushie."

"Ndiyo."

"Umenihurumia."

"Sikukuhurumia." Akasugua kikombe ambacho kilikwisha kuwa safi. "Ningekuhurumia ningekuacha uanguke, nikutengenezee chai, nikupeleke treni. Nimechoka kukusikia unapanda, Tudur. Miaka yote nakusikia unapanda tu. Nilitaka mara moja nikusikie umekaa."

Kikombe kilikuwa kimekauka zamani, Tudur akaendelea kukikausha. Luned alipomtazama hatimaye, aliona macho yamejaa machozi. Mkono wake uliolowa ukautafuta wa Tudur chini ya kitambaa, wakashikana hapo, kama vijana wanaoiba, mbele ya kanisa zima lenye masikio.

"Wewe."

Wakaachana. Mzee Idwal alikuwa mlangoni, amevaa koti na kofia, anapumua kwa shida.

"Mzee Idwal," akasema Tudur.

"Ufunguo wa hoteli uko wapi?"

"Mfukoni."

"Mpe Ifor. Atapita na gari la maziwa achukue vitu vyako." Akamkazia macho Luned kwanza, kisha Tudur. "Mwimbaji mgeni wa Saron hulala kwa mwenyekiti. Kitanda ni kifupi, dirisha linavuja upande wa kichwani. Na hizo kelele zako za kupasha koo asubuhi, usianze kabla sijanywa chai."

"Sawa, mzee."

"Sijasema kitu kingine. Nimesema habari za kitanda."

"Nimeelewa, mzee."

Mzee akageuka kuondoka, akashika fremu ya mlango, akasimama hapo akivuta pumzi. Walidhani amechoka. Alipozungumza hakuwatazama.

"Kesho asubuhi utapanda kule juu makaburini. Luned atakuonyesha la mama yake."

"Nitanunua ma—"

"Hutanunua chochote. Utakwenda na koo." Akakohoa, akaweka kofia sawa. "Do uiweke popote unapoifikia. Yeye hakuwa mtu wa makuu."

Akatoka kwenye mvua. Luned akatoa mikono majini, akaikausha, akachukua koti lake. Akampa Tudur lake. Kilima kilikuwa kirefu na mzee asingekubali kushikwa mkono, kwa hiyo wakatembea nyuma yake, taratibu, mwendo wake.